UZI: Zora Neale Hurston, mwandishi aliyezikwa bila jiwe. Nani walimrudisha, na je, walimrudisha mzima?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, anayeweza avute kiti.

Naanza na moto. Mwaka 1960, katika mji wa Fort Pierce, jimbo la Florida, mtu aliyeagizwa kusafisha nyumba ya marehemu alikuwa anachoma makaratasi. Marehemu hakuacha mume wala mtoto, na makaratasi yalikuwa mengi. Naibu sherifu mmoja mweusi, Patrick Duval, akawa anapita. Alikuwa anamfahamu mwenye makaratasi hayo. Akasimama, akauzima moto. Yaliyonusurika yako leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida kule Gainesville, mengine kingo zake zimeungua. Miongoni mwake ulikuwamo mswada wa riwaya kuhusu Mfalme Herode. Mswada huo ulitoka kitabu Januari 2025, miaka 65 baada ya moto ule.

Marehemu ni Zora Neale Hurston. Alifariki tarehe 28 Januari 1960 katika nyumba ya wasiojiweza ya kaunti, baada ya kupigwa kiharusi. Majirani walichanga ili azikwe. Mchango haukufika kwenye jiwe la kaburi.

Ninapomsoma mtandaoni nakuta kila mahali sentensi ileile: alisahaulika, kisha akagunduliwa. Mimi siikubali. Enzi zake Zora alisomwa, alipewa tuzo, alihakikiwa kwenye magazeti makubwa ya New York. Waliomweka pembeni walimjua vizuri na walisema sababu zao hadharani. Na waliomrudisha tunawajua kwa majina, tunajua hata mwezi waliofunga safari. Kwa hiyo hapa sizungumzii bahati. Nazungumzia hukumu, na rufaa ya hukumu hiyo.

Kwa wasiomjua kabisa. Alikulia Eatonville, Florida, mji mdogo wa watu weusi watupu uliosajiliwa mwaka 1887: meya mweusi, baraza la mji weusi, dukani weusi. Baba yake, John Hurston, alikuwa seremala na mhubiri, na aliwahi kuwa meya. Mama yake, Lucy, alifariki mwaka 1904 na nyumba ikasambaratika. Zora akahangaika miaka mingi, akafanya kazi za ndani, akasoma kwa kuchelewa sana. Mwaka 1925 aliingia New York wakati wa Mwamko wa Harlem, vuguvugu la waandishi na wasanii weusi wa mtaa huo, akapata nafasi Barnard College, mweusi peke yake pale, akafundishwa na Franz Boas, baba wa anthropolojia ya Marekani, elimu ya watu na mila zao. Kisha akarudi Kusini na gari lake na bastola yake kukusanya ngano, nyimbo na mambo ya uganga kutoka kwa watu wake mwenyewe.

Kati ya 1934 na 1948 alichapisha vitabu saba: riwaya nne, viwili vya ngano na mila, na kimoja cha maisha yake. Riwaya iliyombeba hadi leo, Their Eyes Were Watching God, kwa Kiswahili tungesema macho yao yalikuwa yakimtazama Mungu, aliiandika Haiti kwa wiki saba, ikatoka 1937. Mrabaha mkubwa kuliko wote aliowahi kupata kwa kitabu kimoja ulikuwa dola 943.75.

Nitaendelea. Mwenye swali aweke.

#2 Mchangiaji, Morogoro

Mkuu, asante. Lakini mwandishi aliyepewa tuzo na kuhakikiwa New York anafikaje kuzikwa kwa mchango? Hao waliomweka pembeni ni kina nani? Kama ni ubaguzi wa wazungu sema tu, tutaelewa.

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Morogoro, ubaguzi upo na nitaufikia. Lakini pigo zito zaidi lilitoka kwa mwandishi mweusi, na ndiyo maana kisa hiki kinaniuma.

Tarehe 5 Oktoba 1937, Richard Wright aliihakiki riwaya hiyo katika jarida la New Masses, jarida la mrengo wa kushoto. Alisema haina dhamira, haina ujumbe, haina fikra. Akaongeza kwamba Zora anaendeleza kwa hiari yake maigizo yaliyowahi kulazimishwa kwa watu weusi jukwaani, yale ya kuwachekesha wazungu. Mwaka uliofuata Alain Locke, profesa wa falsafa na mlezi mkubwa wa kizazi cha Harlem, naye akauliza katika jarida la Opportunity ni lini mwandishi huyu mwenye kipaji cha kusimulia ataanza kuandika mambo mazito ya jamii.

Nawaomba msimchukie Wright. Alizaliwa Mississippi mwaka 1908. Alipokuwa mtoto, wazungu walimuua mume wa shangazi yake kule Arkansas kwa sababu biashara yake ilikuwa inastawi, na familia ikakimbia usiku. Mtu aliyelelewa na hofu hiyo, akiandika katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi, akifungua riwaya akakuta watu weusi wamekaa kibarazani wanataniana kuhusu nyumbu, lazima aulize: hasira iko wapi? Swali lake lilikuwa la haki. Alikosea alipoamini kwamba hilo ndilo swali pekee linaloweza kuulizwa. Mwaka 1940 akatoa riwaya yake Native Son, ikauzwa kwa kishindo, na kwa miaka zaidi ya ishirini riwaya ya mtu mweusi Marekani ilipimwa kwa kipimo cha Wright. Kwa kipimo hicho Zora alikuwa mwepesi.

Sasa tuingie ndani ya kitabu, maana bila hivyo tutabaki kubishana majina.

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja hapa. Kiingereza kinasema kibaraza kama sehemu ya nyumba tu. Sisi tukisikia baraza tunasikia mahali na mazungumzo na mamlaka kwa pamoja. Joe Starks, mume wa pili wa Janie, mhusika mkuu wa riwaya, ni meya na mwenye duka. Mbele ya duka kuna baraza, na jioni wanaume wanakaa hapo wanatunga uongo mtamu kuhusu nyumbu wa Matt Bonner, alivyokonda, alivyo mkaidi. Janie anazipenda hadithi hizo, na yeye mwenyewe anatunga nzuri kichwani. Joe anamkataza. Amemnunulia nguo, amemfunga kitambaa kichwani ili wanaume wasizione nywele zake, amemweka kaunta. Kuzungumza barazani hapana. Miaka inakwenda, kama ishirini. Siku moja Joe anamdhihaki mwili wake mbele ya wateja, na Janie anamjibu palepale, mbele ya wanaume walewale. Maneno machache tu. Joe hanyanyuki tena baada ya siku ile. Anaugua hadi kufa, na mwandishi anatuonyesha wazi kwamba kilichovunjika kwanza ni heshima yake barazani.

Wright alisoma kurasa hizo akaona vichekesho. Mimi nasoma kurasa hizo naona kitabu kizima kuhusu nani anaruhusiwa kusema.

Halafu kuna kimbunga. Tarehe 16 Septemba 1928 kimbunga cha kweli kililivunja tuta la Ziwa Okeechobee, Florida, na watu zaidi ya 2,500 walikufa, wengi wao vibarua weusi wa mashamba ya bondeni. Zora alikipeleka kimbunga hicho ndani ya riwaya. Baada ya maji kupungua, Tea Cake, mume wa tatu wa Janie, anakamatwa na wazungu wenye bunduki na kulazimishwa kuzika maiti. Wasimamizi wanaamuru kila maiti ichunguzwe kwanza kama ni ya mzungu au ya mweusi, kwa sababu majeneza ni machache na ni ya wazungu. Weusi ni shimo na chokaa. Hilo lilitokea. Kule West Palm Beach zaidi ya maiti 600 za weusi zilitiwa kaburi moja, na kwa miongo mingi kaburi hilo halikuwa na alama yoyote.

Hicho ndicho kitabu kilichoambiwa hakina ujumbe.

#4 Mchangiaji, Mombasa

Ndugu mleta uzi, umegusa penye kidonda changu. Mimi hicho kitabu nilikisoma chuoni, na kilichonishika si baraza wala kimbunga, ni lugha. Msimulizi anasema Kiingereza cha vitabuni, kizuri mno, halafu watu wakifungua mdomo wanasema kama wanavyosema kwao, herufi kwa herufi.

Nilipokuwa shule niliandika insha nikaweka maneno ya nyanya yangu mdomoni mwake kama anavyoyasema: ndia, mato, ndoo hapa. Mwalimu akayapigia mstari mwekundu yote. Njia, macho, njoo. Nilipoteza alama, lakini zaidi ya alama niliona kama nyanya ameambiwa hajui kusema. Na tukumbuke mkutano ulioamua Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapahapa Mombasa, 1928. Sina ugomvi na usanifu, nauandikia sasa hivi. Nasema tu naelewa kwa nini mwanamke huyu alikataa kuwasahihisha watu wake.

Je, wachapishaji hawakumsumbua kuhusu lugha?

#5 Mleta uzi

Ndugu wa Mombasa, asante kwa nyanya. Walimsumbua, na ushahidi upo.

Mwaka 1927 Zora alikwenda Alabama, karibu na Mobile, kumhoji mzee Cudjo Lewis, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Kossola. Alikuwa mmoja wa manusura wa mwisho wa Clotilda, meli iliyowaingiza watumwa Marekani kwa siri mwaka 1860, wakati biashara hiyo ilikuwa imepigwa marufuku kwa zaidi ya miaka hamsini. Zora alirudi tena, akakaa naye kwa miezi. Akamletea mapichi na tikitimaji. Siku nyingine mzee hataki kusema, basi Zora anamsaidia kufagia kanisa. Alimwandika kama alivyosema, Kiingereza kilichobeba sauti ya Afrika Magharibi. Mwaka 1931 kampuni ya Viking ilionyesha nia ya kuchapisha, ila ikataka maneno ya mzee yageuzwe Kiingereza cha kawaida. Zora alikataa. Mswada ukalala. Ulitoka mwaka 2018 kwa jina Barracoon. Miaka 87, wakuu, kwa sababu ya kutaka mzee asikike kwa sauti yake.

Hapo pia naomba niseme jambo ambalo wapenzi wa Zora hulikwepa. Makala ya kwanza kabisa aliyochapisha kuhusu Kossola, mwaka 1927, sehemu yake kubwa aliinakili kutoka kitabu cha mwandishi mwingine, Emma Langdon Roche, bila kumtaja ipasavyo. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1972, yeye ameshakufa. Lilikuwa kosa, na kosa kubwa kwa mtafiti. Najua pia kwamba baada ya hapo alirudi kwa mzee na kufanya kazi upya na kwa uaminifu. Yote mawili ni ya kwake.

Kuhusu kuanguka kwake nitakwenda haraka, maana watu hupenda sana kulia hapa wakasahau vitabu. Mwaka 1948 alisingiziwa New York kwamba amemdhulumu mtoto wa kiume. Pasipoti yake ilionyesha kwamba wakati unaodaiwa alikuwa Honduras, na kesi ikafutwa. Lakini gazeti moja la watu weusi lilikuwa limeshaichapisha habari hiyo ukurasa wa mbele, na yeye aliandika kwamba alitamani kufa. Mwaka 1950 alikuwa mtumishi wa nyumbani Miami wakati hadithi yake inatoka katika Saturday Evening Post. Mwajiri wake alikuwa anasoma jarida, akakuta jina la msichana wake wa kazi. Miaka ya mwisho ilikuwa Fort Pierce: safu katika gazeti dogo la weusi, kufundisha kwa muda, bustani, na riwaya ya Herode iliyokataliwa na wachapishaji. Aliendelea kuiandika.

#6 Mchangiaji, Minneapolis

Habari zenu. Mimi nafundisha sekondari huku, na kitabu hiki kiko kwenye mtaala wetu. Wanafunzi wangu weusi na wale waliotoka Afrika Mashariki hugawanyika kuhusu Tea Cake, kwa sababu kuna ukurasa anampiga Janie ili kuwaonyesha watu kwamba ni wake. Wasichana hukasirika, na sina jibu la kuwafunga mdomo, wala sitaki.

Nilitaka kuuliza: simulizi ya mwandishi Alice Walker kulitafuta kaburi la Zora ni ya kweli kiasi gani? Nimeisikia ikisimuliwa kama muujiza.

#7 Mleta uzi

Mwalimu, heshima kwako. Nitarudi kwa Tea Cake.

Simulizi ni ya kweli, na Walker mwenyewe ndiye aliyeiandika. Alikuwa anatafuta maelezo sahihi ya uganga wa Kusini kwa ajili ya hadithi fupi, karibu 1970. Vitabu alivyovikuta vilikuwa vya wazungu, vingine vya matusi. Jina la Zora alilikuta kwenye tanbihi. Mwandishi wa vitabu saba, kwenye tanbihi! Akavitafuta, akavisoma, akaona ngano alizosikia kwa wazee wake mwenyewe Georgia.

Agosti 1973 alikwenda Florida akiwa na mtafiti kijana, Charlotte Hunt. Kwanza Eatonville, kisha Fort Pierce. Ili watu wamfungulie midomo alijitambulisha kama mpwa wa Zora. Makaburi yanaitwa Garden of Heavenly Rest, makaburi ya weusi ya enzi za kutengwa, na yalikuwa majani hadi kiunoni. Alitembea ndani ya majani akiogopa nyoka, akaita jina la Zora kwa sauti, mguu ukazama kwenye shimo lenye umbo la kaburi. Akaamua ni pale. Jiwe alilolitamani, jeusi la fahari, lilimshinda bei. Akanunua la kijivu, la kawaida. Liliandikwa jina la Zora, kisha: gwiji wa Kusini, mwandishi wa riwaya, mkusanya ngano, mwanaanthropolojia. Machi 1975 akachapisha safari hiyo katika jarida la Ms.

Lakini simulizi ya kaburi inapendeza kiasi kwamba inawafunika wengine, na hapo ndipo muujiza unapoanza kupotosha. Riwaya ile ilikuwa inaibuka na kuzama: ilitolewa tena miaka ya 1960, ikaisha madukani tena. Wanawake weusi waliokuwa wameanza kufundisha vyuoni waliipitisha mkono kwa mkono, nakala chakavu kwa nakala chakavu. Mshairi June Jordan aliandika mwaka 1974 kwamba si lazima kuchagua kati ya Wright na Zora, kwamba watu weusi wanahitaji kitabu cha kupinga na kitabu cha kujikubali. Mwaka 1975 wahadhiri walipitisha ombi la sahihi kwenye mkutano wa chama cha walimu wa fasihi wa Marekani wakitaka riwaya ichapishwe. Mwaka 1977 Robert Hemenway, mzungu, akatoa wasifu kamili baada ya miaka ya kufuatilia barua na mashahidi, na Walker akauandikia dibaji. Mwaka 1978 University of Illinois Press ikairudisha riwaya madukani. Haijakosekana tena madukani hadi leo. Mwaka 2005 ikawa filamu ya televisheni, Halle Berry akiwa Janie.

Mnaona? Askari mmoja, mshairi mmoja, mwandishi mwenye pesa kidogo, walimu, sahihi kwenye karatasi. Kumi na minane ndiyo miaka kutoka kifo hadi kitabu kurudi. Waandishi wengine wa kizazi chake hawakupata hata mmoja wa watu hao.

Sasa Tea Cake. Mwalimu, wasichana wako wako sahihi kukasirika. Wahakiki wa miaka ya kwanza ya kurudi kwake walikipenda kitabu hiki kiasi cha kupita juu ya ukurasa ule kwa vidole vya miguu. Waliona mwanamke aliyejikomboa na mapenzi ya kweli. Halafu maswali yakaanza. Desemba 1979, San Francisco, katika mkutano wa chama kilekile, mhakiki Robert Stepto alihoji kama Janie kweli anapata sauti, kwa sababu mahakamani, anaposhtakiwa kwa kumuua Tea Cake aliyepata kichaa cha mbwa, anajitetea lakini sisi hatuyasikii maneno yake. Msimulizi anatuambia tu kwamba alisema. Walker alikuwamo ukumbini, akasimama kumtetea: mwanamke si lazima aseme pale wanaume wanapotaka aseme, kujua lini useme nayo ni sauti. Mhakiki Mary Helen Washington aliyaeleza hayo baadaye katika dibaji ya toleo la 1990, na yeye mwenyewe hakuwa na uhakika kamili na Janie.

Mimi nimelifikiria sana suala la mahakama. Janie anasema mbele ya jaji mzungu na wazungu kumi na wawili wa kuamua kesi, wanawake wazungu wamekaa mbele wanalia, na weusi, watu wake, wamesimama nyuma wakitaka anyongwe. Hapo si barazani. Hadithi yake kamili ameiweka kwa Pheoby, rafiki yake, kwenye ngazi za nyuma za nyumba, jioni, miguu ikipumzika majini. Nadhani Zora alichagua nani astahili kusikia. Lakini sina jibu la makofi ya Tea Cake. Zora ameyaandika kwa mkono mtulivu mno, na utulivu huo unanitisha.

#8 Mchangiaji, Kigoma

Mleta uzi, nakuheshimu lakini naona unamlinda. Mbona hutaji barua ya 1955? Huyu mama alipinga hukumu ya kuunganisha shule za weusi na wazungu! Wabaguzi waliisambaza barua yake kwa furaha. Huenda Wright alimwona mapema.

#9 Mleta uzi

Mkuu wa Kigoma, nilikuwa naifikia, na ni vizuri imeletwa na wewe.

Hukumu ya mahakama kuu ya Marekani ilitoka Mei 1954: kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Agosti 1955 barua ya Zora ilitoka katika gazeti la Orlando. Hoja yake kwa ufupi: hakuna faida ya mahakama kumlazimisha mtu akae nami wakati hanitaki karibu, na kudai kwamba mtoto mweusi hawezi kujifunza bila mzungu pembeni ni kuwatukana walimu weusi. Ndiyo, wabaguzi waliifurahia. Ndiyo, alikosea kuhusu hali halisi: shule za weusi zilinyimwa vitabu, majengo, mabasi, na wazazi walioshitaki walihatarisha kazi na maisha yao. Kuandika vile, wakati ule, kulikuwa kuwaacha wenzake peke yao. Siwezi kulipamba hilo.

Ila nisome pamoja nawe mkono ulioandika. Ni mtoto wa Eatonville. Alikua bila kumwona mzungu akiwa mkuu wa kitu chochote mjini kwake. Nguvu yote ya riwaya yake, ile ya watu weusi wasiojipima kwa macho ya mzungu, imetoka chemchemi moja na kosa la barua. Huwezi kuchota maji ya upande mmoja. Na kuhusu walimu weusi hakuwa anaota: shule zilipounganishwa, makumi ya maelfu ya walimu weusi wa Kusini walipoteza kazi.

Hapa ndipo nasema hajarudishwa mzima. Waliomrudisha walihitaji bibi wa fasihi, mzazi wa kujivunia, na walikuwa na haki ya kumhitaji. Wakamchukua na riwaya moja. Zile nyingine tatu husomwa na wataalamu. Moses, Man of the Mountain ya 1939, inayomfanya Musa mganga mkubwa na Waisraeli watu weusi wanaobishana kama watu wa Florida, kwangu ni kazi ya pili kwa ukubwa, na ina mashaka makali kuhusu viongozi wa ukombozi. Seraph on the Suwanee ya 1948 ina wahusika wakuu wazungu, na imewaaibisha mashabiki wengi hadi wanaipita kimya. Niliisoma mara mbili. Ni riwaya yenye kasoro, ndoa iliyomo inachosha na kutisha, lakini ni kazi ya mwandishi aliyekataa kuambiwa kuta zake ziko wapi.

Na kuna jambo linalompa Wright jibu lililochelewa. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1942, Zora alikuwa ameandika kurasa kali dhidi ya ukoloni wa Ulaya na unafiki wa Marekani yenyewe, demokrasia nyumbani kwa baadhi na bunduki ng'ambo. Baada ya Japani kuishambulia Marekani kule Pearl Harbor, mchapishaji aliziondoa. Wasomaji walipewa Zora mchangamfu asiye na siasa, kisha wakamlaumu kwa kukosa siasa. Kurasa hizo zilirudishwa katika toleo la Library of America la 1995, miaka 53 baadaye. Anayesema alikuwa hana hasira asome kwanza zile zilizokatwa.

#10 Mchangiaji, Mombasa

Nimefuatilia hadi mwisho. Maswali mawili mafupi. Nianze na kipi kama nimeshasoma ile ya Janie? Na mbona vitabu vingine vinasema amezaliwa 1901, vingine 1891?

#11 Mleta uzi

Ndugu, wewe mpenda lahaja anza na Mules and Men ya 1935, ngano za Eatonville na kambi za wakata mbao. Mwenyewe yumo ndani, anacheza, anakunywa, na siku moja anaokolewa asichomwe kisu. Kisha Barracoon, isome kwa sauti. Kisha Musa.

Kuhusu mwaka: amezaliwa tarehe 7 Januari 1891, Notasulga, Alabama. Mwaka 1917 alikuwa Baltimore, ana miaka 26, hajamaliza sekondari, na shule ya bure ya jimbo ilikuwa kwa vijana wenye umri mdogo. Akajipunguzia miaka kumi, akasema ana kumi na sita, akaandikishwa. Hakuirudisha miaka hiyo hadi anakufa. Marafiki hawakujua, waume hawakujua. Walker alipoagiza jiwe mwaka 1973 naye hakujua, na jiwe liko pale Fort Pierce mpaka leo, limechongwa 1901.

Ukienda, usishangae. Mwaka ule ndio uliompeleka shule.